Njia Haibebwi

Kijana mmoja alikuja na flashi ya GB 4, akaniomba nimwekee Photoshop. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba moja pale Makutano, mjini Meru, na ilikuwa mwisho wa Juni, ile wiki ambayo Kenya nzima hukumbuka kwa pamoja kwamba haijajaza ritani za KRA. Foleni ilifika mlangoni. Nikamwambia asubiri. Alipoona nimeshikwa, akajihudumia: akaikamata ikoni ya Photoshop kwenye skrini, akaiburuta hadi kwenye flashi, ikaingia kwa sekunde moja, akalipa shilingi 10 na kuondoka ameridhika. Kesho yake akarudi amenuna.

"Bosi, hii Photoshop yenu ni feki. Nyumbani haifunguki."

Watu kwenye foleni walicheka, hasa yule aliyejua kidogo. Programu ya gigabaiti kadhaa, eti imeingia kwa sekunde moja! Ukikaa saiba miezi sita utaisikia hadithi hii ikisimuliwa na kila mhudumu, kila mmoja na mteja wake. Ni mzaha wa kazi. Mimi sikucheka, kwa sababu miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kosa lile lile, mimi niliyekuwa nalipwa kujua. Na kilichopotea hakikuwa Photoshop.

*

Nitamwita Mwalimu kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa amestaafu shule ya msingi zamani. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa akiwa na mfuko wa plastiki wenye madaftari, akaketi kompyuta namba nne karibu na dirisha, akaandika kwa vidole viwili. Alikuwa anaandika maisha yake. Alizaliwa kabla tu ya Hali ya Hatari ya 1952, akalelewa kwenye kijiji cha Dharura, akasoma, akafundisha, akaona bei ya kahawa ikipaa miaka ya sabini na ikianguka baadaye. Madaftari yalifika mwaka 1978. Baada ya hapo alizoea kibodi, akawa anaandika moja kwa moja kwenye mashine.

Kilichomsumbua ni kuitafuta kazi yake kila anapoketi. Afungue folda hii, aingie ile, apotee, aniite. Nikaona nimsaidie. Nikabofya faili yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua "tuma kwa", nikachagua eneo-kazi. Ikoni ikatokea katikati ya skrini, imeandikwa MAISHA. Mwalimu akafurahi sana. Akaigusa kwa kidole, kioo kikaingia alama.

"Kwa hivyo kitabu changu kiko hapa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na sikujua kwamba ni uongo.

Desemba ikafika. Binti yake anaishi Embu, na alikuwa amempata mtu wa kuchapisha na kujalidi nakala chache za kugawa Krismasi. Mwalimu akaja na flashi mpya, bado iko kwenye karatasi yake. Nikaifungua, nikachomeka, nikaibofya ile ikoni ya MAISHA, "tuma kwa", flashi. Nikamrudishia.

"Yote iko hapa?"

"Yote, Mwalimu."

Akapanda matatu. Nkubu, Chuka, Runyenjes, zaidi ya kilomita 100 za kona na mabonde, flashi mfuko wa shati. Kule Embu ikachomekwa, ikoni ya MAISHA ikaonekana, ikabofywa, na hakuna kilichofunguka. Akanipigia simu Jumamosi jioni. Nikamwambia asijali, Jumatatu nitaangalia mashine namba nne. Jumatatu nikakuta fundi alikuja Jumapili akafomati kompyuta zote kwa sababu ya virusi. Kurasa 61. Nusu ilikuwa bado kwenye madaftari. Nusu ya pili, ukiwemo ukurasa kuhusu siku mkewe alipofariki, haikuwa popote.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia hivyo kwa simu na nalirudia hapa. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na nimesikia watu wakisema kwamba ningemaliza ile kozi ya kompyuta nisingefanya ujinga huo. Labda. Lakini anayehakiki riwaya hamwachii msomaji lawama yote pale msomaji anapopotea. Hugeukia maandishi na kuuliza: umeandika nini hapa hadi watu wengi hivi wapotee mahali pamoja? Skrini ya kompyuta nayo ni maandishi. Tunaisoma kila siku kuliko riwaya yoyote, na hatuihakiki.

*

Tuanze na kitu chenyewe. Kile tunachokiita shotikati, na ambacho programu zilizotafsiriwa hukiita njia ya mkato, ni faili ndogo sana iliyobeba maelekezo. Inasema: nenda diski fulani, ingia folda fulani, kisha fulani, utakuta kitu. Mara nyingi haizidi kilobaiti mbili au tatu. Zilitufikia na Windows 95, iliyotoka Agosti 1995. Apple ilikuwa nazo mapema zaidi, tangu System 7 ya mwaka 1991, na yenyewe ilizipa jina linalomaanisha lakabu.

Sasa chukua karatasi uandike: "Panda boda hadi Makutano, shuka, duka la tatu upande wa kulia." Mpe mtu aliye mjini Meru, atafika. Mpe karatasi hiyo hiyo mtu aliye upande wa Mwea. Kule pia kuna Makutano, kwenye barabara ya kuelekea Embu. Atapanda boda, atashuka, atahesabu maduka matatu. Huenda akakuta duka la dawa badala ya ulichomtuma, au kiwanja kitupu. Karatasi haina kosa hata moja. Ila imehama, na maelekezo yakihama hayaji na mji wake.

Ndiyo maana jambo hili linachanganya zaidi kwa programu kuliko kwa faili za kawaida. Beba ikoni ya Word kutoka kompyuta moja hadi nyingine na mara nyingi itafunguka! Mteja anaona, anaamini kwamba ameibeba Word. Ukweli ni kwamba kompyuta ya pili ina Word yake, na imewekwa kwenye folda yenye jina lile lile, kwa hivyo maelekezo yameangukia mahali sahihi kwa bahati. Ipeleke kwenye mashine ya tatu, ambako programu ilikaa kwenye ile folda nyingine ya programu za biti 32, na bahati inaisha. Mtu amefanya tendo moja mara mbili, akapata majibu mawili. Kutokana na hilo atajifunza nini? Atajifunza kwamba kompyuta zina moyo wa kisirani, na kwamba zipo nzuri na mbaya. Nimewasikia wazee wa Meru wakizizungumzia hivyo, kama ng'ombe.

*

Mfumo mzuri, kwa maoni yangu, ni kama sarufi. Kitenzi kimoja kina maana moja, na ukibadilisha mtendwa maana haigeuki. Ukisema "beba", basi ni kubeba, awe ni mtoto au ni gunia. Windows ndiyo mfumo ulio karibu kila saiba kuanzia Maua hadi Embu, kwa hivyo nitaipima yenyewe kwanza.

Angalia kile kitenzi nilichotumia mara mbili, "tuma kwa". Tuma faili kwa flashi: mfumo unatengeneza nakala kamili. Tuma faili hiyo hiyo kwa eneo-kazi: mfumo hautumi chochote, unaandika karatasi ya maelekezo na kuiacha hapo. Menyu moja, kitenzi kimoja, orodha moja, na vitendo viwili visivyohusiana. Ni kweli kwamba kando ya neno eneo-kazi kuna mabano yanayosema kwamba njia ya mkato itaundwa. Lakini sarufi haiwekwi kwenye mabano. Neno kubwa limeshasema tuma, na mkono umeshabofya.

Kuburuta nako ni hivyo hivyo. Buruta faili kutoka folda moja hadi nyingine kwenye diski ile ile: imehama, ulikoitoa haipo. Iburute hadi kwenye flashi: haijahama, imenakiliwa, sasa ziko mbili. Iburute huku umeshika kitufe cha Alt: hukuhamisha wala hukunakili, umetengeneza njia ya mkato. Mkono umefanya mwendo mmoja mara tatu. Wazoefu wameshaimeza tofauti hii hadi hawaioni, kama vile sisi hatuoni ugumu wa ngeli hadi mgeni atuulize kwa nini ni kitabu changu lakini ni meza yangu. Tofauti ni kwamba ngeli zina mpangilio unaosikika kwa sikio. Hapa huna cha kusikiliza.

Halafu tazama eneo-kazi lenyewe. Kuna faili halisi. Kuna folda halisi. Kuna njia za mkato. Kuna pipa la taka na ikoni ya kompyuta yenyewe, ambazo si faili wala si njia za mkato. Aina nne za viumbe, na zote zimevalishwa sare moja: picha ya mraba, jina chini yake, bofya mara mbili. Kinachotofautisha njia ya mkato na kitu halisi ni kishale kidogo kwenye kona ya chini, kiasi cha punje ya mchele kwenye skrini za saiba zetu. Hata ukiiagiza Windows ikuonyeshe viishio vya majina yote ya faili, kile cha njia za mkato, lnk, hubaki kimefichwa. Mfumo unajua kabisa kwamba hiki ni kielekezi tu. Umeamua kutokuambia kwa maneno.

Haikulazimika kuwa hivi. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, miongoni mwa za kwanza kuuzwa zikiwa na mchoro wa meza ya ofisi kwenye skrini. Ilikuwa ghali mno, zaidi ya dola 16,000, na haikuvuma sokoni. Lakini kibodi yake ilikuwa na kitufe cha kuhamisha, kitufe kingine cha kunakili na kingine cha kufuta. Kuhamisha kulihamisha, iwe ni neno, mchoro au waraka mzima. Wabunifu wake waliona kwamba vitendo vichache vinavyofanya kazi kila mahali ni bora kuliko vingi vinavyobadilika kulingana na ulipo. Yaliyofuata yalirithi meza ile na karatasi zile. Nidhamu ya vitenzi ilibaki njiani.

*

Waswahili walisema njia ya mwongo ni fupi. Hebu tuone njia hii inavyosema uongo.

Njia ya mkato ikishindwa, moja ya jumbe ambazo Windows imekuwa ikitoa kwa miaka mingi hueleza hivi: kitu ambacho njia hii inakielekea kimebadilishwa au kimehamishwa, kwa hivyo haitafanya kazi vizuri tena. Kisha inauliza kama ungependa kuifuta. Isome tena. Kwa mtu aliyebeba njia ya mkato kwenye flashi, ujumbe huu ni kinyume cha yaliyotokea. Kitu hakijahama. Kiko pale pale kilipokuwa, salama. Njia ndiyo imehama. Mtu anayeweza kuokoa kazi yake kwa simu moja, "tafadhali msiiguse ile mashine", anaambiwa kwamba kazi yenyewe imeshabadilishwa au imeondoka. Anakata tamaa mahali ambapo angepaswa kukimbia.

Na mfumo hauwezi kusingizia kutojua. Ndani ya faili ile ndogo, mbali na maelekezo, huwa kuna nambari ya utambulisho ya diski ambako kitu kilikuwa, na mara nyingi jina la kompyuta yenyewe. Wachunguzi wa uhalifu wa kidijitali huzifungua faili hizi wakitafuta hasa habari hizo: mshukiwa alifungua nini, kutoka kwenye mashine gani. Kwa maneno mengine, karatasi ya maelekezo imeandikwa nyuma yake "nimetoka mashine fulani". Mfumo ungeweza kuilinganisha na jina la mashine ulipo na kukuambia: kitu unachokitafuta kiko kwenye kompyuta nyingine, rudi ukakichukue. Sentensi moja. Mpelelezi anaipata. Mwalimu mstaafu haipati.

Walioielewa siri hii mapema kuliko sote ni waandishi wa virusi. Mhudumu yeyote wa saiba anaijua virusi ya shotikati. Mteja anachomeka flashi, anakuta folda zake zote zimegeuka njia za mkato. Virusi imezificha folda halisi na kuweka vielekezi vyenye majina na picha zile zile. Ukibofya, folda yako inafunguka kama kawaida, na wakati huo huo virusi nayo inaamka. Tulikuwa tunafungua dirisha jeusi na kuandika amri ya attrib ili kurudisha vilivyofichwa, na tulitoza shilingi 50 kwa kazi hiyo. Mwaka 2010 ndugu mkubwa wa ujanja huu aligunduliwa: Stuxnet, iliyosafiri kwa flashi na kulenga mitambo ya nyuklia ya Iran. Ilitumia dosari katika namna Windows ilivyochora picha ya njia ya mkato, kiasi kwamba kufungua flashi na kuitazama tu kulitosha. Microsoft iliziba tundu hilo Agosti mwaka huo. Lakini virusi ya saiba haikuhitaji tundu lolote. Ilihitaji jambo moja tu, kwamba mtu asiweze kutofautisha kitu na kielekezi chake kwa macho. Hilo lilikuwa limeshaandaliwa.

*

Najua jibu. Rafiki yangu anayeandika programu Nairobi alinijibu kabla sijamaliza: njia za mkato ni muhimu, bila hizo watu wangeingia kwenye matumbo ya mfumo kila wanapotaka kufungua programu, na waharibu vitu. Watu wafundishwe tu. Na siku hizi nani anatumia flashi? Kila kitu kiko kwenye wingu.

Kuhusu umuhimu, nakubaliana naye. Sijasema zifutwe. Nimesema zijitambulishe.

Kuhusu wingu, karibu saiba. Kuweka kazi yako mtandaoni kunahitaji akaunti unayoikumbuka nywila yake, simu iliyo hewani ili upokee namba ya uthibitisho, bando, na ujasiri wa kuingiza nywila hiyo kwenye mashine ambayo watu 40 wameitumia tangu asubuhi. Mwalimu alikuwa na kabambe na barua pepe ambayo mjukuu alimfungulia akasahau kumwambia jina lake. Flashi aliielewa. Ni kitu unachokishika, unakitia mfukoni, unakibeba.

Hapa ndipo nadhani tunafika kwenye kiini. Njia ya mkato imebuniwa kwa ajili ya mtu mwenye meza yake. Mtu mmoja, kompyuta moja, diski isiyobadilika. Kwake hakuna tofauti ya maana kati ya kitu na njia ya kukifikia, maana haondoki. Ni kama mwenye nyumba ambaye haandiki anwani yake, kwani yuko ndani. Sisi wengine ni wapangaji wa kompyuta. Leo namba nne, kesho namba saba, keshokutwa maabara ya shule, wiki ijayo saiba ya Embu. Tunalipa kwa dakika. Kwetu swali la kwanza kila tunapoinuka ni lile la Mwalimu, "yote iko hapa?", na ndilo swali ambalo eneo-kazi halikubuniwa kulijibu. Na wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba, ingawa mchoro wa nyumba haukuwauliza.

Zaidi ya hayo, mpangaji haishi kwenye toleo moja. Saiba yetu ilikuwa na Windows 7, 10 na 11 kwenye safu moja. Kwenye 11, iliyotoka mwaka 2021, ukibofya kitufe cha kulia, maneno kama nakili na kata mwanzoni yaligeuka vipicha, na ile "tuma kwa" imesukumwa nyuma ya "onyesha chaguo zaidi". Mteja aliyekariri hatua kwenye namba nne anahama namba saba na kukuta samani zimepangwa upya. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa hata kitufe cha Anza, halafu toleo la 8.1 likakirudisha mwaka uliofuata. Ukiwa na mashine yako, mabadiliko kama hayo ni usumbufu wa wiki moja. Ukilipa shilingi moja kwa dakika, ni pesa.

*

Mifumo mingine je? Kwenye Linux nyingi, faili inayozindua programu ni maandishi ya kawaida. Unaweza kuifungua na kusoma: amri ni hii, picha ni ile. Naipenda hiyo, ni karatasi inayokubali kusomwa. Lakini ni nani atakayeifungua? Mfumo wa GNOME uliamua mwaka 2011 kwamba kwa kawaida eneo-kazi halitakuwa na ikoni, njia moja ya kuacha kusema uongo, yaani kunyamaza. Mac zamani iliandika majina ya lakabu kwa herufi za mlazo, ishara inayosomeka kuliko mshale wa punje ya mchele. Na programu nyingi za Mac ni kifurushi kimoja, kwa hivyo ukiibeba ikoni yenyewe kutoka folda ya programu, kweli umeibeba programu. Yule kijana wa Photoshop angekuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa leseni ingemkamata mbele ya safari.

Simu nazo zimeurithi mkanganyiko. Kwenye Android, ikoni ya skrini ya mwanzo ni kielekezi, ukiiondoa programu inabaki. Kwenye iPhone, hadi toleo la iOS 14 la mwaka 2020, ikoni ilikuwa programu yenyewe, ukiifuta imekwenda. Kidole kimoja, mkandamizo mmoja. Nimewaona watu waliohama kutoka simu moja hadi nyingine wakiogopa kupanga skrini yao, wasije wakafuta picha za harusi.

Na lugha yetu? Watafsiri wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Windows yenyewe ikapata sura ya Kiswahili baadaye kidogo. Lakini "njia ya mkato" ni neno lililotafsiriwa kwa uaminifu kutoka kwenye neno ambalo tayari lilikuwa linaficha jambo. Mtu wa Meru anaijua njia ya mkato. Ni ile ya kushukia mto Kathita bila kuzunguka barabarani. Huwezi kuikunja, ukaitia mfukoni, ukaenda kuvukia Rupingazi kule Embu. Njia haibebwi. Kama neno lingechukuliwa kwa uzito wake, lingekuwa limetuonya. Tatizo ni kwamba skrini inaichora njia kama kitu, inakuruhusu uinyanyue, na haisemi lolote unapoondoka nayo. Mimi ningeiita anwani. Kila mtu anajua kwamba kubeba anwani ya nyumba si kubeba nyumba.

Ninachodai si kikubwa. Mtu anapohamishia njia ya mkato kwenye diski nyingine, aulizwe: unabeba anwani tu, je, unataka na kitu chenyewe? Anapobofya anwani iliyopotea, aambiwe ukweli, kwamba kitu kiko mashine fulani. Na kitenzi kimoja kifanye kazi moja. Wahandisi wametatua magumu zaidi ya hayo kabla ya chai ya saa nne.

*

Mwalimu alirudi Februari. Nilidhani angetafuta saiba nyingine, na hakika zipo. Alikuja na daftari jipya na flashi ile ile, akaketi namba nne, akaanza tena kutoka 1978. Hakunigombeza. Ila aliweka sheria: kabla hajalipa, nachomoa flashi, naichomeka kwenye mashine ya pili, nafungua faili kutoka huko, nashuka hadi ukurasa wa mwisho, anasoma mstari wa mwisho kwa sauti. Ndipo anatoa pesa. Nilianza kufanya hivyo kwa kila mteja. Foleni ililalamika, bosi akalalamika, nikaendelea hadi nilipoacha kazi ile.

Siku moja alifika kwenye ukurasa wa mkewe. Aliandika mchana mzima, akafuta, akaandika. Nilipouliza kama amekumbuka yote aliyokuwa ameyaandika mara ya kwanza, alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Hii ni nzuri," akasema. "Lakini si ile."

Kisha akaniambia nichomoe flashi, nipeleke mashine ya pili, nifungue.